Bendera ya Shukrani kwa Mwenye Duka

Ndoo ya bluu ilishuka taratibu kutoka ghorofa ya tatu, ikagonga ukuta, ikazunguka kwenye kamba yake, kisha ikatua mbele ya dirisha la nyuma la Qiu Suzhen. Mvua ya manyunyu ilikuwa imelowesha mfuko wa nailoni uliofungiwa noti. Suzhen alitoa shingo nje, barakoa ikiwa imemshukia kidevuni, akainusa ndoo.

"Mwalimu Pei! Ndoo yako inanuka tambara la kudekia. Unataka mboga au unataka supu ya miguu?"

Kichwa cheupe kilichomoza juu. "Isuuze basi, dada. Si una maji huko chini?"

"Nikuuzie kabichi, nikuoshee na ndoo? Shuka basi na mgongo nikusugue."

Ghorofa ya nne Mama Geng aliangua kicheko, akajiziba mdomo haraka. Ndoo yake nyekundu ilikuwa tayari inaning'inia nusu ya safari, ikisubiri zamu. "Dada Qiu, mimi nipe na mayai. Makubwa makubwa, sio kama yale ya juzi, utadhani ya njiwa."

"Ya juzi uliyala au uliyatotoa?"

Walizungumza hivyo, kwa sauti za kubana na kejeli, kama zamani walivyozungumza kwa sauti kubwa dukani. Tofauti ni kwamba sasa kila mmoja aliangalia kwanza upande wa geti.

Duka lenyewe lilikuwa upande wa mbele wa jengo. Mlango wake wa bati ulikuwa umeshushwa na kubandikwa utepe wa karatasi wenye muhuri mwekundu wa kamati ya mtaa. Suzhen hakuugusa utepe huo. Tangu mumewe afariki alikuwa akiishi katika chumba cha nyuma ya duka, na amri ilisema mlango usifunguliwe. Haikusema neno juu ya dirisha. Huo ndio ujanja wake wote, na mwenyewe alijua haungefika mbali.

Wuhan ilifungwa kwa sababu ya ugonjwa, Mwaka Mpya wa Kichina ukiwa mlangoni, wakati ambao kila mwenye duka ameshajaza mzigo wa sikukuu. Suzhen alikuwa amemimina humo kila alichokuwa nacho. Makabichi yalipangwa hadi darini, kila moja limefungwa ukanda wa majani ya mpunga kama mama mkwe wake alivyomfundisha. Mizizi ya yungiyungi ilikuwa kwenye beseni na matope yake, soseji za kukausha zilining'inia juu ya mchele, mayai yalikuwa kwenye trei. Masoko yalipofungwa watu walimkimbilia, wakamwita mkombozi. Kisha kamati ikatangaza kwamba biashara yote ndani ya mtaa wa Daraja la Mawe imesimama ili watu wasisongamane. Chakula kingeletwa na Kampuni ya Mavuno Mema, kwa vifurushi.

Kifurushi hakichaguliwi. Ukitaka kabichi utabeba na chupa ya siki, dawa ya meno na sabuni ya kufulia, kwa bei ya kumfanya mtu mzima atake kukaa chini kwanza. Baada ya muda watu wa Jengo la Sita, jengo la Suzhen, walikuwa na sabuni ya kufulia nguo za wilaya nzima, na sufuria tupu.

Na huku chini, gizani, mzigo wa Suzhen ulikuwa unaanza kuoza. Kila alipoamka, harufu ilikuwa imesogea hatua moja karibu na kitanda. Hakukuwa na fumbo: mzigo uuzwe kabla haujaharibika, au duka life. Hakuwa na fedha ya kununulia mwingine. Hakuwa na mtoto wa kumtumia chochote. Alikuwa na duka.

Aliuza kwa bei ileile ya kabla ya karantini. Si kwamba alikuwa mtakatifu. Mtaa mzima ulijua mdomo wake, na kuna watu aliowahi kuwatimua kwa kubonyezabonyeza nyanya. Lakini kupandisha bei kwa watu ambao amewajua tangu wakiwa wachumba kulimshinda. Angewatazamaje baadaye?

Ugomvi wote ulianzia kwenye wema, wema wa Mwalimu Pei.

Pei alikuwa amestaafu kufundisha fasihi, mgane, mwenye kisukari na muda mwingi kupita kiasi. Siku ambazo kifurushi cha kampuni kilichelewa, Suzhen ndiye aliyemwekea kwenye ndoo vitu anavyoweza kula. Mzee akakata shauri kumshukuru rasmi. Mtu akishukuriwa rasmi huko, hupewa bendera. Daktari aliyeokoa mgonjwa hupewa, polisi aliyerudisha mkoba hupewa: kipande cha hariri nyekundu chenye maandishi ya dhahabu na vishada vya njano chini, cha kutundikwa ukutani ili kila anayeingia aone. Mafundi wa bendera walikuwa wamefunga. Pei akachukua foronya nyekundu ya blanketi la harusi la marehemu mkewe, akaikata, akaipinda, akatafuta rangi ya dhahabu iliyobaki alipoandika karatasi za Mwaka Mpya. Kisha akaketi kutunga.

Mstari wa "Mkono umefunguka" ulimjia mara moja. Lakini fundi wa maneno wa huko hawezi kuacha mstari utembee peke yake kama yatima. Lazima autafutie mwenzake wa kimo kilekile. Kwa hiyo juu yake aliandika "Mlango umefungwa". Alipendezwa sana. Hakufikiria kwamba mlango uliofungwa una aliyeufunga.

Aliishusha mchana, baada ya mvua kukatika. Haikuja ndani ya ndoo. Aliifungua yote, ikateremka ukutani ikipepea, nyekundu kuliko kitu chochote kilichoonekana mtaani tangu sikukuu ilipokufa. Madirisha yakafunguliwa. Watu wakapiga makofi, wengine wakapiga masufuria. Mama Geng alilia waziwazi. Picha zikaingia kwenye kundi la simu la Jengo la Sita, na chini yake watu wakajaza maua na mikono iliyofumbatana.

MLANGO UMEFUNGWA, MKONO UMEFUNGUKA. Kwa Qiu Suzhen, mwenye duka. Kutoka kwa majirani zake.

"Mwalimu, umechanganyikiwa?" Suzhen alisema kutoka dirishani, akijifuta uso kwa kiwiko. "Foronya nzuri hivi! Ungeiuza."

"Nyamaza uitundike."

Aliitundika juu ya kitanda. Maishani hakuwahi kupewa hata cheti cha usafi. Usiku ule alilala ubavu kuielekea, akiwa na furaha aliyoionea haya, na kwa mara ya kwanza hakuisikia harufu ya mzigo.

Katibu Hao wa kamati ya mtaa alikuja dirishani kesho yake asubuhi. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko Suzhen kwa miaka mingi, aliyevaa koti jeupe la plastiki kutoka kichwani hadi miguuni, na nyuma yake alisimama Dou, mlinzi wa geti, ameshika simu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzie. Hao hakupiga kelele. Sifa yake kubwa ilikuwa hiyo, kwamba huuma na kupuliza.

"Dada Qiu, umekonda. Unakula kweli?"

"Nakula, Katibu. Asante."

"Naona umepata bendera. Hongera sana. Sisi kamati hatujalala tangu mji ufungwe, na hakuna aliyetuletea hata leso." Alicheka. Suzhen naye akacheka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. "Hebu nisomee, miwani yangu imeingia ukungu. Imeandikwaje?"

Suzhen alisoma. Alipofika mwisho sauti ilikuwa imepungua.

"Mlango umefungwa na nani, dada?"

"Na... na huu ugonjwa."

"Mbona hawajaandika ugonjwa?"

Dou aliangalia viatu vyake.

"Picha hii imefika wilayani," Hao aliendelea, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa dawa. "Mkubwa mmoja ameniuliza: kumbe mtaani kwako watu wana njaa mpaka wanalishwa kupitia dirishani? Nikakosa la kusema. Unajua kuuza chakula bila kibali wakati wa janga ni kesi? Sio faini. Kesi. Na ndoo zile zinapita mkono hadi mkono, mtu mmoja akipata homa nani atasema haikutoka kwako?"

"Katibu, mimi navaa glavu. Naweka spiriti. Naomba tu nimalize huu mzigo, unaniozea. Siombi kitu kingine."

"Ndiyo maana nimekuja kukusaidia."

Msaada wenyewe ulikuwa huu. Suzhen angejitolea mzigo wote kwa wakazi wa mtaa, kwa moyo safi, na Mavuno Mema wangeusambaza kwa utaratibu unaotakiwa. Suala la kesi lingeishia hapo. Bendera nayo ingekabidhiwa kwa kamati, maana wema wa mkazi mmoja ni matunda ya uongozi.

"Na nikitoa mzigo," Suzhen aliuliza, "utaniondolea utepe mlangoni?"

"Dada Qiu." Hao alimwangalia kwa huruma. "Mtu akitoa kwa moyo haulizi atapata nini. Lakini mambo yakitulia, sisi tunasahau watu wetu?"

Suzhen aligeuka akatazama kupitia mlango wa ndani, kule gizani, makabichi yake yalikopangwa. Yalikuwa yamebakiza siku chache. Angekataa, yangeoza na kesi juu. Angekubali, labda duka lingebaki. Alishikilia hilo neno labda kwa kuwa hakuna kingine alichopewa cha kushika.

"Sawa," alisema.

Dou akainua simu. Suzhen alitakiwa kusimama na bendera mkononi na kusema maneno machache.

"Mimi, Qiu Suzhen, natoa bidhaa zangu zote kwa wakazi wenzangu..."

"Umesahau kwa hiari," Hao alisema. "Rudia."

Akarudia. Mara ya pili Dou alikuwa hajabonyeza mahali panapotakiwa. Mara ya tatu Hao alimwambia acheke, maana hata ndani ya barakoa macho huonekana. Suzhen akacheka kwa macho.

Wabebaji wa kampuni waliingia kwa dirisha lilelile, wakipokezana, ili utepe wa mlangoni usichanike. Hawakuacha hata soseji moja. Mizizi ya yungiyungi iliyochipua walikataa, wakasema hiyo atupe mwenyewe.

Vifurushi vilivyofuata vilikuwa na makabichi yaliyofungwa ukanda wa majani ya mpunga. Bei ilikuwa ileile ya siku zote, na sabuni ndani.

Jioni kundi la simu lilichemka. Mtu wa ghorofa ya pili aliuliza: kama Qiu ametoa bure, mbona tunalipa? Kamati ikajibu kwamba hizo ni gharama za usafirishaji. Kabichi lilikuwa limetoka chini na kupanda ngazi hadi ghorofa ya pili. Hakuna aliyemwandikia Hao neno la kumjibu, maana Hao ndiye aliyekuwa akisaini ruhusa za kwenda hospitali. Hasira ilitafuta pa kutua, ikampata aliye karibu.

"Angekuwa ametoa kwa moyo angetugawia sisi mwenyewe, kupitia dirisha lake," Mama Geng aliandika. "Nilijua tu. Hawa wanagawana. Mwenye duka ni mwenye duka."

Wengi wakaweka kidole gumba.

Suzhen alisoma ujumbe huo akiwa amekaa kwenye trei tupu ya mayai. Aliandika: Mayai makubwa makubwa nilikuwa nakuwekea nani? Akafuta. Akaandika: Walinitisha. Akakumbuka kwamba Hao naye yumo kwenye kundi. Akafuta hilo pia, akazima simu.

Siku iliyofuata ndoo ya bluu ilishuka, ikiwa imeoshwa. Hakukuwa na fedha ndani yake. Mlikuwa na bakuli la tambi za moto, limefunikwa sahani.

"Mwalimu, pandisha hiyo," Suzhen alisema. "Watakuona."

"Wamenipigia simu," Pei alijibu kutoka juu. Hakutoa kichwa. "Wanataka bendera nyingine. Ya kampuni. Wanasema maandishi yangu yamependwa."

"Utaandika?"

Kamba ya ndoo ililegea kidogo.

"Dawa zangu za kisukari zinapitia kwao, Suzhen."

"Basi andika. Andika vizuri."

"Mimi nilitaka tu watu wajue."

"Wamejua, Mwalimu."

Alikula zile tambi. Njaa haina kiburi. Upande wa pili wa ukuta, rafu zilikuwa tupu, na panya waliokuja kwa ajili ya mchele walikuwa wameshahama.

Geti lilifunguliwa majira ya kuchipua, miti ya mtaani ikiwa imeshamaliza kutoa maua bila mtazamaji. Watu walitoka wakipepesa macho, wengine wamenenepa, wengine hawakutoka kabisa. Suzhen alitoka kwa dirisha, nywele amezichana, akaenda moja kwa moja ofisini kwa kamati kuomba utepe uondolewe. Alikuwa ameshazungumza na mkulima mmoja wa ng'ambo ya mto aliyekubali kumpa mboga kwanza, malipo baadaye. Kilichobaki ni mlango.

Kijana wa mapokezi alitazama kompyuta yake. Chumba cha duka ni mali ya mtaa, alisema. Mkataba wa pango ulikwisha mwezi wa tatu na mpangaji hakufika kuuhuisha.

"Mwezi wa tatu geti lilikuwa limefungwa," Suzhen alisema. "Na ofisi hii pia ilifungwa. Ningefika wapi?"

"Wengine walipiga simu, mama."

"Katibu Hao yupo?"

"Amepandishwa cheo. Yuko wilayani."

Chumba cha nyuma waliruhusu abaki nacho hadi watakapokihitaji. Mafundi walikuja wakapigilia mbao kwenye mlango wa ndani unaoingia dukani na kupaka chokaa juu, na kwa siku kadhaa Suzhen alilala akisikia nyundo zikigonga pembeni ya kichwa chake. Zilipotulia, zikaja sauti za watu. Alizijua zote. Huyu anauliza kama tofu ni ya leo, yule analalamika juu ya vitunguu. Alikuwa na majibu ya kila mmoja mdomoni, na ukuta mbele yake.

Alivumilia mpaka siku aliyoishiwa chakula kabisa. Ndipo akachukua kikapu, akatoka kwa dirisha, akazunguka jengo, akapanga foleni.

Juu ya mlango palikuwa na kibao kipya cha Mavuno Mema, na chini yake kitambaa kirefu kilichovutwa kutoka mti hadi mti: TUUNGE MKONO DUKA LA MTAA WETU. Ilikuwa kampeni ya jiji. Maduka madogo yaliumia sana, magazeti yalisema, na kila mwananchi mwema anunue karibu na nyumbani. Siku hiyo mpiga picha wa gazeti alikuwa amekuja na msaidizi wake, na mwanafunzi wa kampuni, msichana aliyevaa aproni ya kijani, alikuwa anapanga nyanya kwa ajili ya kamera. Mama Geng, aliyekuwa mbele kwenye foleni, aligeuka, akamwona Suzhen, akaanza kutafuta kitu ndani ya pochi yake na hakukipata hadi zamu yake ilipofika.

"Tunahitaji mteja," mpiga picha alisema. Akapitisha macho kwenye foleni. "Wewe mama. Ndiyo, wewe mwenye kikapu. Una sura nzuri ya mtaani. Njoo hapa mbele ya kaunta."

"Mimi?"

"Wewe. Chukua kabichi. Liinue kidogo, kama umelipenda."

Suzhen alisogea. Kaunta ilikuwa ileile, imepakwa rangi. Alichukua kabichi, na mikono ikafanya kazi yake bila kumwuliza: ikaligeuza, dole gumba likabonyeza kitako, likarudi, likabonyeza tena. Lilikuwa bovu ndani. Alijua papo hapo.

"Mama, usibonyeze bidhaa," msichana wa aproni alisema, akinyoosha mkono kulidai. "Kama hununui, rudisha."

"Usisogee," mpiga picha akasema. "Hapo hapo. Tulia."